Nani ashike swichi ya stima? Vuta nikuvute ya msimamizi huru wa gridi Kenya

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, mwendo wa saa nne kasorobo, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Katika uwanja wa ndege wa JKIA abiria walibaki wakimulikana kwa tochi za simu. Jenereta ya sehemu ya uwanja ilikataa kuwaka, na kesho yake bosi wa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege akapoteza kazi.

Kuhusu gridi yenyewe, wananchi walipewa maelezo mawili yasiyokutana.

Kenya Power ilisema shida ilianza kwa mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana, iliyoko Loiyangalani kaunti ya Marsabit. Wakati huo mitambo hiyo ilikuwa ikitoa takriban megawati 270, na ilipozima ghafla, mitambo mingine nayo ikaanguka mmoja baada ya mwingine. Kampuni ya Ziwa Turkana ikajibu: si sisi. Ilisema volteji kwenye gridi ilipanda kupita kiasi, na mitambo yake ikajizima yenyewe ili isiungue.

Nani alikuwa anasema kweli? Pengine wote wawili, kila mmoja kwa kipande chake. Jambo ambalo halikuzungumzwa sana ni hili: chumba ambacho rekodi za usiku ule zilikuwa zinaandikwa, sekunde kwa sekunde, kilikuwa mikononi mwa Kenya Power. Yaani mmoja wa wanaobishana ndiye pia mwenye daftari.

Chukua mfano wa ajali ya matatu na lori, halafu afisa wa trafiki anayekuja kuchora mchoro wa ajali awe ndiye mwenye matatu. Huenda akachora vizuri kabisa. Lakini mwenye lori ataamini?

Hapo ndipo mjadala wa msimamizi huru wa gridi unapoanzia. Unaonekana ni mambo ya mainjinia na mawakili, kumbe unagusa tokeni, mashine ya kusaga, friji ya maziwa na bei ya kinyozi.

Kazi ya nne ambayo wengi hawaijui

Watu wengi wanajua kazi tatu za stima. Ya kwanza ni kuzalisha: mvuke wa Olkaria, mabwawa ya mto Tana, upepo wa Turkana, jua la Garissa. Ya pili ni kusafirisha, yaani zile laini kubwa zinazoning'inia kwenye minara ya chuma na kukata mashamba na mbuga. Ya tatu ni kusambaza: transfoma ya mtaani, nguzo, mita, na ule ujumbe wa tokeni kwenye simu.

Kuna ya nne. Kuna watu wanaokaa ndani ya chumba mchana na usiku, macho kwenye skrini, wakiamua mtambo gani uongeze, upi upunguze, na laini ipi ifunguliwe au ifungwe. Kwa miaka mingi kazi hiyo Kenya imefanyiwa kwenye kituo cha taifa cha udhibiti kilichoko Juja Road, Nairobi.

Kwa nini lazima kuwe na mtu wa kuamua kila wakati? Kwa sababu umeme wa gridi hauwekwi stoo kama mahindi. Unaozalishwa sasa hivi unatumika sasa hivi. Gridi ya Kenya, kama ya Tanzania na Uganda, inapiga mizunguko 50 kwa sekunde. Watu wakiwasha pasi na majiko jioni, mizunguko inashuka kidogo, na ni lazima mtambo fulani uongeze nguvu. Mtambo mkubwa ukizima bila taarifa, mizunguko inaporomoka, na mitambo iliyobaki inaanza kujitoa ili isiharibike. Dakika chache, giza.

Kurudisha umeme baada ya hapo ni kazi ya saa nyingi. Haiwezekani kuwasha nchi nzima kwa mpigo. Wanaanza na mtambo mmoja unaoweza kujiwasha wenyewe bila kusaidiwa, mara nyingi wa maji, halafu wanaunganisha mtaa kwa mtaa, kituo kwa kituo, wakiogopa kila wakati isianguke tena.

Basi huyo anayekaa kwenye kiti hicho ana nguvu kubwa kuliko anavyoonekana. Anaamua nani auze leo. Anaamua nani azimwe stima isipotosha. Na mambo yakiharibika, yeye ndiye wa kwanza kusema kilichoharibika.

Mnunuzi ambaye pia ni refa

Kenya Power ina umri wa zaidi ya miaka 100. Ilianza mwaka 1922 kama kampuni ya East African Power and Lighting, na kwa muda mrefu stima yote ilipitia nyumba moja. Kugawanya kulikuja polepole. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulitengwa ukawa KenGen. Desemba 2008 serikali ikaunda KETRACO ijenge laini kubwa mpya. Kando yao kuna wazalishaji binafsi.

Lakini laini za zamani zilibaki Kenya Power, na kiti cha kudhibiti gridi kikabaki huko huko. Kwa hiyo kampuni moja ikawa inanunua umeme kutoka kwa wazalishaji wote, inauza kwa wateja, inamiliki sehemu ya laini, na inaamua mtambo upi uwashwe saa ngapi.

Si lazima mtu awe mwizi ndipo hali hii ilete shida. Tuseme mtambo fulani wa binafsi una mkataba wa kulipwa hata usipowashwa, na mwingine unalipwa kwa kila yuniti tu. Mnunuzi aliye na deni ataangalia mfuko wake. Msimamizi wa gridi anatakiwa aangalie usalama wa mfumo na gharama kwa nchi nzima. Hayo mawili mara nyingi yanakubaliana, lakini si kila siku. Siku yasipokubaliana, mtu yule yule ndiye anayechagua, na hakuna wa nje anayeona jinsi alivyochagua.

Halafu kuna wale wanaotaka kuuza bila kupitia kwa Kenya Power. Sheria ya Nishati ya 2019 ilifungua mlango huo: mzalishaji aweze kumuuzia mteja mkubwa moja kwa moja, akilipia tu kupitisha umeme kwenye laini. Fikiria feri ya Likoni ingekuwa ya mfanyabiashara mmoja wa maembe. Wenye maembe wengine wangevuka, ndiyo, lakini wangeulizana kila asubuhi kwa nini malori yao ndiyo yanayosubiri.

Muhoroni na bili yako

Mpangilio wa mitambo una kanuni rahisi: anza na umeme wa bei nafuu, maliza na wa ghali. Kwa Kenya, mvuke, maji na upepo vinatangulia. Mitambo ya mafuta inakuja mwisho, na gharama ya mafuta yake inarudi kwa mteja kwenye ile sehemu ya bili inayoitwa gharama ya mafuta. Ukiona tokeni za shilingi 500 mwezi huu zimepungua ukilinganisha na mwezi uliopita, mara nyingi sababu iko hapo au kwenye bei ya dola.

Lakini kanuni hiyo inavunjika laini zikiwa dhaifu. Magharibi mwa Kenya ni mfano ambao wenyeji wa Kisumu wanaujua vizuri. Kwa miaka mingi mtambo wa mafuta wa Muhoroni umekuwa ukiwashwa si kwa sababu nchi ilikosa umeme wa bei nafuu, bali kwa sababu laini za kuupeleka huko hazikuwa na nguvu za kutosha kushikilia volteji. Mvuke upo Olkaria, ila njia ni nyembamba. Nchi nzima ikalipia mafuta.

Upepo wa Turkana nao uliwahi kukwama hivyo hivyo. Mitambo 365, yenye uwezo wa megawati 310, ilisimama tayari mwaka 2017. Laini ya kuitoa Loiyangalani hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, ilikuwa haijakamilika baada ya mkandarasi wa Uhispania kufilisika. Laini ikaja kuisha Septemba 2018. Kwa muda huo wote upepo ulivuma bure, na kwa kuwa mkataba ulisema serikali ndiyo ilete laini kwa wakati, faini ya mabilioni ya shilingi ikamwangukia mlipa kodi na mteja wa stima.

Kwa hiyo swali la nani anapanga laini zijengwe wapi na lini si dogo. Mwenye kuona gridi nzima kila siku ndiye anayejua njia ipi ni nyembamba. Akiwa huru, anaweza kusema hadharani: hapa pamebana, na kubana huku kunatugharimu kiasi hiki kwa mwezi. Akiwa ndani ya kampuni yenye madeni, maneno hayo huishia kwenye faili.

Sheria inasema nini?

Sheria ya 2019 iliipa EPRA, ambayo ni mamlaka ya kudhibiti nishati na petroli, jukumu la kuteua msimamizi wa mfumo wa umeme. Watu wengi huchanganya hawa wawili, kwa hiyo ni vizuri kutenganisha. EPRA inaweka bei, inatoa leseni na kupiga faini. Haigusi swichi. Msimamizi wa gridi anagusa swichi kila dakika, lakini kwa kanuni ambazo EPRA imeweka. Mmoja ni kama shirikisho la mpira, mwingine ni refa uwanjani.

Jina ambalo limekuwa likitajwa zaidi kukalia kiti hicho ni KETRACO. Hoja yake inaeleweka: haiuzi umeme kwa mtu yeyote, hainunui kwa mtu yeyote, na laini mpya kubwa ni zake.

Ugumu wa kwanza ni mali. Kenya Power imeorodheshwa katika soko la hisa la Nairobi. Serikali ina asilimia 50.1, na zilizobaki, karibu nusu, ni za watu na taasisi nyingine, wakiwemo wastaafu waliotia akiba zao humo. Serikali haiwezi kuamka asubuhi ikachukua laini za zamani na kuzipeleka KETRACO bure. Laini ni mali ya kampuni, na ikipungua mali, hisa inaguswa. Lazima kuwe na hesabu: zinalipwa kwa fedha taslimu, au zinafutiana na madeni ambayo Kenya Power inadaiwa na Hazina? Mazungumzo ya aina hii hayaishi kwa wiki mbili.

Ugumu wa pili ni watu. Wataalamu wanaojua kuendesha gridi ya Kenya ni wachache, na wamekaa kwenye chumba kile kile kwa miaka. Kiti kinaweza kuhama kwa barua. Uzoefu haujui barua. Unahama na mtu, mshahara wake na pensheni yake.

Kuhamisha kiti si kukiweka huru

Ugumu wa tatu ndio mzito, na ndio unaopitwa haraka kwenye mijadala ya televisheni.

Tarehe 6 Septemba 2024, asubuhi, stima ilipotea tena sehemu kubwa ya nchi. Maelezo ya Wizara ya Nishati safari hii yalisema laini inayotoa umeme wa Loiyangalani ilijikata ikiwa imebeba megawati 288, halafu laini kuu inayotoka Ethiopia nayo ikafuata. Jumla megawati 488 zikapotea kwa muda mfupi sana.

Soma tena: safari hii kilichotajwa kwanza ni laini. Si upepo, si transfoma ya mtaani. Na laini ya Loiyangalani ni ya KETRACO.

Sasa chukulia KETRACO ndiyo ingekuwa imekalia kiti siku ile. Laini yake imejikata, na yeye ndiye mwenye daftari linaloeleza kwa nini imejikata. Ni hadithi ile ile ya mwaka 2023, wahusika tu wamebadilishana nafasi. Tatizo la mnunuzi kuwa refa lingeondoka, na mahali pake lingeingia tatizo la mwenye barabara kuwa mkaguzi wa barabara.

Kuna na mengine. Mwenye laini hulipwa kutokana na laini alizojenga. Ukimpa pia kazi ya kusema laini gani zinahitajika, usishangae kila jibu likiwa ni kujenga. Wakati mwingine dawa ni betri kubwa karibu na mji, au mtambo wa jua mahali panapobana, ambavyo vingegharimu kidogo kuliko kilomita 200 za minara. Kwamba laini ni biashara kubwa, Wakenya waliliona mwaka 2024. Mkataba wa miaka 30 kati ya KETRACO na kampuni ya Adani ya India, wa dola milioni 736, ulisimamishwa kwanza na mahakama mwezi Oktoba, kisha Rais William Ruto akaufuta Novemba 21, siku moja baada ya mwenye kampuni kufunguliwa mashtaka Marekani.

Na juu ya yote yupo Hazina. Serikali ina asilimia 70 ya KenGen, asilimia 50.1 ya Kenya Power, na KETRACO yote. Muuzaji, msafirishaji na mnunuzi wana baba mmoja. Kumwita mmoja wao huru kunahitaji zaidi ya kubadilisha jina mlangoni. Bodi inateuliwa na nani, na inaweza kufukuzwa kwa simu? Bajeti inatoka wapi? Waziri akipiga simu jioni ya siku ya mkutano wa hadhara akitaka mji fulani usizimwe, yupo wa kumwambia hapana?

Wengine wamefanyaje

Uingereza ilikutana na shida hii hii ya mwenye laini kuwa mshauri wa laini. Kampuni binafsi ya National Grid ilikuwa na nyaya, na tawi lake ndilo lililosimamia gridi. Tarehe 1 Oktoba 2024 serikali ikalinunua tawi hilo kwa pauni milioni 630 na kuunda chombo cha umma kinachoitwa NESO. Nyaya zikabaki kwa kampuni. Akili ikaenda kwa umma. Kwa wanaodhani msimamizi huru ni jina lingine la kubinafsisha, huu ni mfano wa kinyume kabisa.

Afrika Kusini imechukua njia ya hatua. Baada ya mwaka 2023, ambao ulikuwa na mgao wa umeme kwa zaidi ya siku 300, Eskom ilianza kukatwa vipande. Kampuni ya laini, NTCSA, ilianza kazi rasmi Julai 1, 2024. Bado ni mtoto wa Eskom, chini ya paa la Eskom, na kinachochelewesha si siasa peke yake: Eskom ina madeni makubwa, na waliokopesha wanataka kujua mali waliyoikopeshea inakwenda wapi. Sheria mpya iliyoanza kutumika Januari 1, 2025 inataka msimamizi anayejitegemea aundwe ndani ya miaka mitano. Wazalishaji binafsi wanahesabu miaka hiyo kwa vidole.

Nigeria, ambako gridi ilianguka mara kadhaa mwaka 2024 peke yake, mdhibiti aliamuru Aprili mwaka huo kazi ya kusimamia gridi itolewe kwenye kampuni ya laini na kupewa chombo kipya. Yaani Nigeria inaachana na mpangilio ule ule ambao Kenya imekuwa ikiufikiria.

Uganda ilitangulia wote hapa jirani. Mwaka 2001 bodi yake ya umeme iligawanywa mara tatu, na UETCL ikapewa laini kubwa na usimamizi wa gridi. Mzalishaji na msambazaji walipogombana, angalau alikuwepo mtu wa tatu mwenye rekodi. Hata hivyo UETCL ndiyo pia inayonunua umeme kwa jumla, na laini bado zilichelewa: ile ya Karuma ilikwama muda mrefu kwa kesi za fidia ya ardhi wakati bwawa lenyewe, megawati 600, likisogea.

Tanzania iliwahi kuandika mpango. Dira ya mageuzi ya mwaka 2014 ilisema TANESCO itenganishwe kwa awamu hadi 2025. Mwaka huo umefika, na TANESCO bado inazalisha, inasafirisha na kusambaza. Wanaotetea hali hiyo wana hoja: bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, limejengwa bila kusubiri mageuzi yoyote.

Na kuna Texas. Gridi ya jimbo hilo la Marekani inasimamiwa na ERCOT, chombo kisicho na mtambo wala waya. Ni huru kama inavyoandikwa vitabuni. Februari 2021 baridi kali ilipoingia, mabomba ya gesi na mitambo ikaganda, na gridi nzima ikabakiza dakika 4 na sekunde 37 kuanguka kabisa. Watu 246 walikufa kwa hesabu ya jimbo lenyewe. Wananchi walipouliza wakubwa wa ERCOT ni akina nani, ikagundulika baadhi ya wajumbe wa bodi hawakuwa hata wakazi wa Texas. Wakajiuzulu. Msimamizi aliwaona wenye mitambo hawajajiandaa kwa baridi, lakini hakuwa na nguvu ya kuwalazimisha. Kuwa huru bila meno kulifika mwisho wake pale.

Umeme unaovuka Namanga

Sababu nyingine inayoongeza haraka ni kwamba gridi za Afrika Mashariki hazikai tena kila moja kwake. Tangu Novemba 2022 Kenya inanunua megawati 200 kutoka Ethiopia, kupitia laini ya zaidi ya kilomita 1,000 inayotoka Wolayta Sodo hadi Suswa. Laini nyingine, ya kilovolti 400, inatoka Isinya, inavuka Namanga na kwenda hadi Singida.

Machi 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuwa Tanzania itanunua umeme wa Ethiopia kwa ajili ya mikoa ya kaskazini. Wengi walishangaa, maana nchi ilikuwa na umeme wa ziada kutoka Rufiji. Jibu lake lilikuwa la usafirishaji: umeme mwingi unazalishwa kusini na mashariki, na kuupeleka Kilimanjaro na Arusha kunapoteza njiani umeme wa thamani ya shilingi bilioni 32 za Tanzania kwa mwaka.

Umeme huo wa Ethiopia utapita Kenya. Utapimwa ukiingia, utapimwa ukitoka, na kiasi fulani kitapotea katikati. Nani anasema kilichopotea ni kiasi gani, na ni cha nani? Mwenye kuuza Addis Ababa na mwenye kununua Dodoma wote watataka mita isomwe na mtu ambaye hana maslahi katika umeme unaopita. Na jioni Nairobi ikipungukiwa, watataka kujua umeme wao hautaguswa. Umoja wa gridi za Afrika Mashariki, uliopo tangu 2005, unaandaa soko ambalo nchi zitauziana umeme wa kesho leo. Soko la namna hiyo haliwezi kukaa juu ya vyumba vya udhibiti ambavyo kila kimoja ni cha muuzaji au mnunuzi.

Je, tokeni zitashuka?

Kwa kubadilisha msimamizi peke yake, hapana. Kenya Power hupoteza zaidi ya asilimia 20 ya umeme inaonunua, na sehemu kubwa ya hasara hiyo iko mitaani: nyaya za zamani, transfoma zilizoelemewa, na wale wanaojiunganishia usiku. Msimamizi wa gridi hafiki huko. Mikataba ya zamani ya wazalishaji haifutwi na kiti kipya. Mahitaji nayo yanapanda. Mwaka 2025 matumizi ya juu kabisa Kenya yalipita megawati 2,300, na laini ni zile zile.

Chombo kipya pia kina gharama zake. Kinahitaji jengo, mitambo ya kompyuta, mishahara. Hizo zitalipwa na mteja, hata kama ni senti chache kwa yuniti.

Kinachoweza kubadilika mapema ni kitu kidogo ambacho hakihitaji mnara mmoja wa chuma. Baada ya giza kubwa, msimamizi huru anaweza kulazimishwa kutoa ripoti ndani ya siku kadhaa zilizotajwa kwenye kanuni: laini ipi ilijikata, saa ngapi na sekunde ngapi, volteji ilikuwa kiasi gani, mtambo upi ulijitoa kwanza, na kwa nini kinga zilizowekwa hazikuzuia kuanguka. Ripoti ikiwa wazi, kampuni ya upepo inaweza kuisoma, Kenya Power inaweza kuipinga, na injinia yeyote wa chuo kikuu anaweza kuikagua.

Kwa giza la Agosti 25, 2023, umma ulipata maelezo mawili yasiyokutana, kila moja kutoka kwa kampuni yenye upande wake.